Mtoto wa Kiislamu katika shule ya Kanisa: Nani ameshika amana?



Wiki mbili zilizopita nilipigiwa simu kutoka Magamba. Sisemi Magamba ya Lushoto, ambayo wengi wanaifahamu kwa msitu wake, bali Magamba ya Mpanda, mkoani Katavi. Aliyepiga ni mdogo wangu, mtoto wa baba yangu mdogo. Babu yetu alishuka Mpanda mwanzoni mwa miaka ya 1950, kwa treni inayochepuka Kaliua, wakati mgodi wa risasi ulipokuwa ukivuta vibarua kutoka Tabora na Kigoma. Hakurudi tena. Kwa hiyo huko ndiko kwetu, ingawa mimi maisha yamenileta Dar es Salaam.

Binti yake wa kwanza amemaliza darasa la saba na amefaulu. Serikali imempangia sekondari ya kata. Lakini juu ya meza ya baba yake kuna fomu ya shule nyingine, sekondari binafsi ya Kanisa Katoliki, yenye wanafunzi wa kutwa na wa bweni. "Kaka," akaniambia, "nimejaza kila kitu, imebaki sahihi. Nimefika mahali panaposema mwanafunzi wa bweni atashiriki ibada zote za shule, kalamu imegoma. Nisaini au nisisaini?"

Kabla sijajibu akanipa sababu zake, na naomba tuziheshimu. Yeye ni dereva wa lori, anabeba mpunga na mahindi kwenda Tabora. Wiki nzima anaweza kuwa njiani. Mkewe anauza vitenge sokoni na hurudi magharibi. Shule ya kata ni mwendo mrefu kwa miguu, na baadhi ya mabinti wanaotoka mbali wamepangisha vyumba karibu na shule, yale mageto tunayoyafahamu. Mmoja wao, mtoto wa jirani, mwaka jana alirudi nyumbani na mimba. "Kule bwenini," akasema, "kuna ukuta, kuna mlinzi, kuna masista. Na wanafundisha kweli. Mwanangu anataka udaktari."

Nilimwomba anipe siku chache. Makala hii ndiyo jibu langu, na nimeona niliandike hapa kwa sababu najua si yeye peke yake mwenye fomu kama hiyo mezani. Wengi wetu tunaokaa mijini tumeshasaini, tena bila kusoma.

Majibu mawili mepesi

Jambo hili lina majibu mawili ambayo hutolewa haraka haraka, na yote mawili yanamwacha mzazi pale pale alipokuwa.

Jibu la kwanza hutolewa vibarazani: "Haramu. Usimpeleke mtoto kwa makafiri." Anayesema hivi mara nyingi hana binti wa kumpeleka sekondari, au anaye na amempeleka shule ya Kiislamu iliyo dakika kumi kutoka kwake. Hamuulizi dereva wa Magamba atampeleka wapi. Anamwachia fatwa na kumwondolea shule. Tena mzazi yule yule atakapompeleka mkewe kujifungua katika hospitali ya misheni, sheikh huyu hatasema kitu. Kama elimu ni faradhi, na ndivyo tulivyofundishwa, basi anayefunga mlango mmoja ana wajibu wa kuonyesha mwingine.

Jibu la pili hutolewa na wasomi wetu wa mijini: "Elimu haina dini. Hesabu ni hesabu. Mpeleke mtoto, dini ataipata nyumbani." Jibu hili linapendeza, lakini lina kasoro moja kubwa. Shule si hesabu peke yake. Wenye shule za Kanisa wenyewe hawasemi kwamba shule zao hazina dini. Wanasema wazi kuwa wanalea mtu mzima, kiroho na kimwili, kwa roho ya Injili. Sisi ndio tunaojidanganya kwa niaba yao. Na hilo neno "ataipata nyumbani" kwa mtoto wa bweni maana yake nini? Nyumbani anafika mara mbili au tatu kwa mwaka.

Kwa hiyo tuache majibu mepesi. Swali la kujiuliza ni hili: katika malezi ya mtoto, ni kitu gani mzazi anaweza kumpa mtu mwingine amfanyie kwa malipo, na ni kitu gani hawezi kukitoa kabisa?

Badr na Habasha

Tuanze kwa Mtume wetu (s.a.w.). Baada ya vita vya Badr, vitabu vya sira vinatueleza kwamba baadhi ya mateka wa Kikuraishi waliojua kusoma na kuandika, wasiokuwa na mali ya kujikomboa, walikubaliwa wajikomboe kwa kufundisha watoto wa Madina. Angalia walimu hao walikuwa nani. Hawakuwa Ahlul Kitab, walikuwa washirikina, watu waliotoka juzi kupigana na Waislamu kwa panga. Hata hivyo walipewa watoto wa Kiislamu wawafundishe herufi. Anayesema kuwa Muislamu hafundishwi na asiye Muislamu, ana kazi ya kulieleza tukio hili.

Lakini angalia na jambo la pili. Watoto wale walifundishwa Madina. Jioni walirudi kwa baba zao na mama zao, na adhana waliyoisikia ilikuwa ya Bilal. Mwalimu alikuwa mgeni, mji ulikuwa wao.

Sasa njoo Habasha. Waislamu wa mwanzo walipozidiwa na mateso Makka, Mtume (s.a.w.) aliwaelekeza kwa Najashi, mfalme Mkristo aliyesifika kwa uadilifu. Walikaa chini ya ulinzi wake. Makuraishi walipotuma wajumbe kuwachongea, Jaafar bin Abi Talib (r.a.) alisimama mbele ya mfalme na maaskofu wake, akaeleza Uislamu ni nini, akasoma sehemu ya Sura Maryam, na alipoulizwa kuhusu Nabii Isa (a.s.) alisema kile Uislamu unachokisema. Hakupunguza na hakuficha, ingawa alikuwa mgeni anayeomba hifadhi. Na mfalme yule hakumfukuza kwa ukweli wake. Alimheshimu.

Katika hijra hiyo hiyo, vitabu vya sira vinamtaja pia Ubaydullah bin Jahsh, mtu mzima aliyehama kwa ajili ya dini yake, kwamba aliiacha huko huko na kuingia Ukristo. Mkewe, Umm Habiba (r.a.), alibaki imara. Nyumba moja, safari moja, na mwisho tofauti. Ikiwa mtu mzima aliyeteswa kwa ajili ya imani anaweza kuyumba akiwa ugenini, tusimfanyie mzaha mtoto wa miaka kumi na mitatu kwa kusema "yeye yuko imara tu."

Kwa hiyo tumepata mambo mawili. Kufundishwa na asiye Muislamu si tatizo. Kuishi chini ya paa lake si haramu kwa kila hali, lakini kunataka ulimi wa Jaafar, na mtoto hazaliwi nao.

Kanisa linawaambia nini watu wake?

Kabla hatujawalaumu Wakatoliki, tuone wao wanawafundisha nini wazazi wao. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983, kanuni ya 798, inawataka wazazi Wakatoliki wawakabidhi watoto wao kwa shule zinazotoa elimu ya Kikatoliki. Na ikiwa hawawezi, inawapa wajibu wa kuhakikisha kwamba mtoto anapata malezi ya Kikatoliki nje ya shule.

Soma tena kanuni hiyo kwa makini. Toa neno "Kikatoliki," weka "Kiislamu," halafu uniambie kama kuna sheikh atakayeipinga. Wenzetu wanajua kwamba shule inalea, na hawaoni aibu kusema hivyo. Mzazi wa Kiislamu anayewauliza kuhusu malezi ya dini ya mwanawe hawatukani. Anauliza swali ambalo wao wenyewe wanamtaka mzazi wa Kikatoliki aliulize.

Kuna jambo jingine. Katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, Kanisa hilo hilo lilitoa tamko kuhusu uhuru wa dini. Ndani yake lilikiri kuwa haki za wazazi zinavunjwa ikiwa watoto wao wanalazimishwa kuhudhuria mafundisho yasiyolingana na imani yao. Maneno hayo yaliandikwa Roma, na maaskofu wa duniani kote, wa Afrika wakiwemo, walikuwapo. Na ibara ya 19 ya Katiba yetu inalinda uhuru wa kila mtu katika mambo ya dini. Kwa hiyo mzazi anapokwenda kwa Sista mkuu wa shule na kuuliza, "Binti yangu ataswali wapi?", haendi kuomba fadhila asiyostahiki, wala haendi kugombana. Anakwenda kama Jaafar, kwa adabu na bila kuficha kitu.

Kwa nini fomu ni ya Kanisa?

Najua kuna msomaji ameanza kukasirika. Anasema: kwa nini dereva wa Magamba hana fomu ya shule ya Kiislamu mezani?

Swali ni la haki na tulijibu kwa ukweli. Upande ule wa nchi Kanisa lina mizizi mirefu. Mapadre Weupe waliingia Karema, kwenye ufukwe wa Ziwa Tanganyika, mwaka 1885. Wakajenga misheni, wakafundisha, wakatibu. Jimbo Katoliki la Mpanda limezaliwa mwaka 2000 kutoka Sumbawanga, lakini kazi yenyewe ina zaidi ya miaka mia moja. Kwa muda mrefu, mtoto wa Kiislamu katika sehemu nyingi za bara alikuwa na uchaguzi mbaya: shule ya misheni na hatari ya kubadilishwa jina, au kukaa bila shule. Wazee wetu wengi walichagua la pili. Tusiwacheke. Waliilinda imani yao kwa gharama kubwa, na sisi tumeirithi bila kulipa.

Tunajua pia yaliyofuata. Jumuiya ya East African Muslim Welfare Society, iliyoanzishwa mwaka 1945 na kujenga shule na misikiti Afrika Mashariki, ilipigwa marufuku nchini mwaka 1968. Mwaka uliofuata ikaja Sheria ya Elimu na shule za madhehebu zikatwaliwa na serikali, za Kanisa na za Waislamu. Historia hii ina machungu yake na gazeti la Kiislamu halina haja ya kuyaficha.

Lakini ndugu msomaji, tangu miaka ya 1990 mlango wa shule binafsi uko wazi. Kanisa liliingia kwa nguvu. St. Francis Girls ya Mbeya na Marian Girls ya Bagamoyo zimetajwa mara nyingi miongoni mwa shule bora, hadi Baraza la Mitihani lilipoacha kutangaza orodha hizo mwaka 2023. Sisi pia tumefanya mambo. Tuna sekondari za Kiislamu Dar es Salaam na kwingineko, na tuna Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro. Lakini tujiulize kwa haki: miaka yote hiyo, ni mara ngapi tumechangishana kwa ajili ya harusi, na ni mara ngapi kwa ajili ya bweni la wasichana katika mji mdogo kama Mpanda? Hasira dhidi ya mwenye shule haimjengei mtoto shule. Hapo mimi sina wa kumlaumu isipokuwa sisi wenyewe.

Ndimi mbili

Naomba niseme na langu. Mimi nilisoma bweni katika shule ya Kanisa, miaka ya 1990, shule ambayo sitaitaja. Nilifundishwa vizuri. Padre aliyetufundisha fizikia alikuwa mtu mwadilifu, na kama leo naweza kuandika sentensi iliyonyooka, sehemu ya shukrani ni yake.

Lakini baba yangu alisaini fomu bila kuisoma. Nilipofika nilikuta ibada ni kwa wote. Kisheria hatukuwa na hoja: tulikubali wenyewe. Siku ya kwanza nilikaa kimya kanisani. Mwezi wa pili nilikuwa nafumbua mdomo bila sauti. Mwaka wa pili nilikuwa naimba. Jina langu lina mwenzake katika Biblia, wenzangu wakaanza kuniita hilo la pili, nami nikaacha. Sikuwa nimeritadi, Allah aniepushe. Nilikuwa sijali tu. Likizo nilipofika nyumbani, baba aliniuliza kama naswali shuleni, nikasema ndiyo. Alifurahi. Nilijua anapenda kusikia nini, kama vile nilivyojua mlezi wa bweni anapenda kuona nini.

Wengi hudhani hatari ya shule hizi ni mtoto kubatizwa. Yapo hayo, lakini ni machache. Hatari niliyoiona mimi ni nyingine. Nilijifunza kuwa na ndimi mbili, moja ya shule na moja ya nyumbani, na zote mbili za uongo. Nilijifunza kwamba dini ni kitu cha kumwonyesha mkubwa aliyeko mbele yako. Mtoto wa namna hiyo hawi Mkristo mzuri wala Muislamu mzuri. Swala ya alfajiri ilinichukua miaka mingi kuirudia, na hadi leo najihoji kama naswali au naonekana naswali.

Nani alinifanya hivyo? Si padre. Yeye alikuwa akifanya kazi aliyoisema tangu mwanzo, kwa maandishi. Katika hadithi mashuhuri Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kila mtoto huzaliwa katika fitra, kisha wazazi wake ndio humfanya Myahudi, Mkristo au Mmajusi. Tumeisikia hadithi hii mara nyingi na kwa kawaida tunawanyooshea kidole wengine. Lakini mwalimu hakutajwa humo. Waliotajwa ni wazazi wawili.

Kutwa na bweni si kitu kimoja

Sasa turudi Magamba. Fomu ile ina visanduku viwili: kutwa na bweni. Mdogo wangu alidhani tofauti yake ni ada. Mimi naona hukumu yote imekaa pale.

Mtoto wa kutwa anauziwa masomo. Asubuhi anaamka kwenu, anaswali alfajiri na mama yake, anakwenda. Atamaliza mchana shuleni, na swala ya adhuhuri itahitaji kupangiwa. Jioni anarudi na maswali yake. "Mama, leo Sista amesema Isa ni mwana wa Mungu, sisi tunasemaje?" Swali hilo likiulizwa mezani kwenu, ni neema. Linakulazimisha wewe mzazi usome. Mtoto wa kutwa anamsomesha na baba yake.

Mtoto wa bweni hauziwi masomo tu. Unakabidhi alfajiri yake, magharibi yake, Ramadhani yake, daku yake na futari yake, ugonjwa wake wa usiku, na maswali yake yote ya saa tatu usiku wakati taa zinazimwa. Hapo hujamkodi mwalimu. Umemhamisha mlezi. Na dhima ya uchunga ambayo Mtume (s.a.w.) ameiweka shingoni mwa kila mwenye familia haihamishiki kwa risiti ya benki.

Hili si la dini peke yake. Mwaka 2023 serikali ilipiga marufuku bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Haikuangalia shule ni ya Kanisa au ya Kiislamu. Iliona kwamba mtoto mdogo anahitaji wazazi wake. Wa sekondari ni mkubwa zaidi, nakubali, lakini ndio kwanza yuko katika umri wa kuuliza yeye ni nani.

Utasema: na usalama wake? Hapa ndipo hoja ya mdogo wangu ina uzito, wala siidharau. Geto si malezi. Binti anayelala peke yake katika chumba cha kupanga hana alfajiri wala magharibi na mzazi wake, na juu ya hapo hana ukuta. Kama uchaguzi ungekuwa kati ya geto na bweni la masista, ningesema bweni, na nisingeona haya kusema hivyo katika gazeti hili. Kulinda mwili na heshima ya binti ni katika makusudio ya sheria yetu. Lakini mara nyingi uchaguzi si huo. Mara nyingi kuna mlango wa tatu ambao hatuutaki kwa sababu unatusumbua sisi wakubwa.

Usisaini usichokusudia kutimiza

Kabla ya mlango wa tatu, kuna neno moja kuhusu sahihi yenyewe. Wapo wazazi watakaosema: "Saini tu, halafu mwambie mtoto asiimbe." Huu ndio ushauri mbaya kuliko yote. Sura ya Al-Maida inafungua kwa kuwaamrisha waumini kutimiza mikataba, na haikusema mikataba na Waislamu tu. Ukisaini kwamba binti atashiriki ibada, huku ukimwelekeza akwepe, umemdanganya Sista, na umemtuma mtoto akautimize uongo wako mbele ya watu wazima wanaomzidi nguvu. Hiyo ndiyo shule ya ndimi mbili, na mwalimu wake ni wewe.

Uliza kabla. Ataswali wapi na saa ngapi? Ijumaa je? Atavaa hijabu au la? Misa na rozari ni lazima kwa asiye Mkatoliki? Ramadhani atapata daku? Anaweza kujiandaa na mtihani wa Elimu ya Dini ya Kiislamu, ambao upo katika mitihani ya taifa? Majibu yaandikwe. Shule ikisema hapana, shukuru na uondoke. Ni nyumba yao, wana haki ya kuiendesha kwa imani yao, kama sisi tutakavyotaka haki hiyo katika seminari zetu. Ikisema ndiyo, umepata jirani mwema, nawe timiza upande wako.

Asiyeuliza mapema huishia mahakamani. Wenzetu wa Isiolo, Kenya, waligombania hijabu katika shule ya kutwa ya St. Paul's Kiwanjani, iliyofadhiliwa na Kanisa la Methodisti. Mahakama Kuu iliamua upande wa Kanisa mwaka 2015. Mahakama ya Rufani ikageuza hukumu mwaka 2016 na kuruhusu hijabu. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaitengua tena, kwa sababu ya namna ombi la mzazi lilivyoingizwa mahakamani. Tena ile ilikuwa shule ya umma, ambako mzazi alikuwa na hoja nzito. Dereva wa Magamba aliyesaini fomu ya shule binafsi ana nini? Kesi inaweza kuchukua miaka minne au mitano, na sekondari ya mtoto ni miaka minne.

Mlango wa tatu

Nilimpigia mdogo wangu jana. Nilimwambia: usisaini kisanduku cha bweni kwa masharti hayo. Kama shule ni nzuri na inamkubali binti kama alivyo, saini cha kutwa. Shangazi yetu anakaa Makanyagio, mjini. Ni mjane, ana chumba. Binti akae kwake siku za shule, na mwisho wa wiki arudi Magamba. Ile tofauti ya ada kati ya bweni na kutwa, usiiweke mfukoni. Mpe shangazi ya chakula, na inayobaki mlipe ustadhi amfundishe binti jioni mara tatu kwa wiki, si kusoma herufi tu, bali akida, ili ajue kujibu anapoulizwa. Na wewe ukiwa njiani Tabora, mpigie simu kila siku baada ya isha. Usimuulize kama ameswali, maana atajibu ndiyo. Muulize leo amefundishwa nini, na yeye amesema nini.

Alinyamaza, kisha akasema, "Kaka, bweni lilikuwa rahisi zaidi." Nikamwambia najua. Akaniuliza kama nimemuuliza binti mwenyewe. Nikakiri kwamba sikuwa nimemuuliza. Akampa simu. Nikamuuliza anataka nini. "Baba mkubwa," akasema, "nataka kusoma kule kwa masista. Ila nataka wajue mimi ni Muislamu tangu siku ya kwanza."

Sikuwa na la kuongeza. Mtoto alikuwa ametutangulia sote wawili.

Linabaki letu sisi tusio na fomu mezani. Waislamu wa Mpanda wenye uwezo, na sisi wa Dar es Salaam ambao asili yetu ni huko, hatuna udhuru wa kungoja mpaka tuweze kujenga sekondari nzima. Nyumba moja ya kulala wasichana, yenye matroni muadilifu na ustadhi wa jioni, karibu na shule za mjini, za serikali au za Kanisa, iko ndani ya uwezo wetu. Si kila binti ana shangazi Makanyagio. Mimi nimeshamwandikia imamu wa msikiti wetu wa zamani kule, nikaanza na ahadi yangu. Nimeitaja hapa ili nione haya nisipoitimiza.

Wabillahi tawfiiq.